Karandinga linabeba nani? Shangazi anajibu maswali yenu

Toleo lililopita nilijibu swali dogo tu la dada aliyetaka kujua kama anaweza kumwekea dhamana binti wa jirani yake aliyebebwa kwenye msako wa usiku, sikujua kama nimechokoza nyuki. Meseji zimejaa, wengine mnataka sheria za kujiuza ziwe kali zaidi, wengine mnataka zifutwe, na wawili mmenitukana (nimewasamehe). Nimechagua tano tu. Kwa wageni wa safu hii, kabla sijaanza kuandika humu nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, kwahiyo mengine nayasema kwa kuyaona.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva boda, kijiwe chetu kipo nje ya baa moja hapa Mwanza. Juzi difenda mbili za polisi zimekuja zikazoa madada wote waliokuwa wamesimama, hadi muuza chipsi karibu abebwe. Kuna kaka alikuwa ndani ya gari yake na dada kashaingia, wakamshusha dada afu kaka wakamwambia "wewe ondoka haraka". Kijiweni kuna jamaa anajifanya mwanasheria anasema Tanzania kujiuza sio kosa. Sasa wanakamatwa kwa lipi? — Boda wa Mwanza*

Marahaba mwanangu. Huyo mwanasheria wenu wa kijiweni mpeni chai maana kapatia zaidi ya nusu. Ukiichukua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ukaipekua, hukuti kifungu kinachosema mtu mzima akilala na mtu mzima mwenzie kwa hela, ndani, mlango umefungwa, basi ni jinai. Unachokuta ni mambo ya pembeni. Kifungu cha 145 kinamshika mwanaume anayeishi kwa kipato cha ukahaba, 148 kinashika mwenye danguro, afu kuna kile cha uzururaji, 176, ambacho kinamshika "kahaba" anayefanya vituko hadharani au anayezubaazubaa barabarani kutafuta wateja. Umeona? Kosa lipo kwenye kusimama. Ndo maana difenda inakuja nje ya baa, haiendi ghorofani kwenye apatimenti za watu wanaopigiana simu.

Kenya ni hivohivo, vifungu vyao ni 153 hadi 156, vinagusa wanaokula jasho la wengine na wenye nyumba, afu kazi ya kukamata inafanywa na kanjo (askari wa jiji) kwa sheria ndogo za jiji, Nairobi wana zile za kero za mwaka 2007. Uganda ndo wameenda moja kwa moja, kule kitendo chenyewe ni kosa na kifungo kinafika hadi miaka 7.

Na usidhani hivi vitu vilitungwa na wazee wetu. Uingereza mwaka 1824 baada ya vita vya Napoleon mitaa ilijaa wanajeshi waliorudi hawana kazi na maskini wa kila aina, wakatunga sheria ya wazururaji, humo ndani wakamtaja na kahaba anayezunguka mitaani. Miaka ya 1930 maneno yaleyale karibu neno kwa neno wakayaleta Tanganyika, Kenya, Nyasaland na kwingine. Kwahiyo yule dada wa Mwanza kashushwa kwenye gari kwa maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya vichochoro vya London.

Nyasaland ya zamani ndo Malawi ya leo, na huko kuna kesi naipenda sana. Polisi walizoa wanawake, wakashtakiwa 19 kwa kosa la "kuishi kwa kipato cha ukahaba", hakimu akawatia hatiani, kesi ikapelekwa juu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Zomba ikasema hapana jamani, hiki kifungu kiliwekwa kumshika anayemnyonya kahaba, hamuwezi kukigeuza mkamshikie kahaba mwenyewe kwa kula hela yake mwenyewe. Hukumu ikafutwa. Hukumu ya Malawi haimlazimishi hakimu wa Mwanza kuifuata, ila wakili mwenye akili anaweza kuisoma mahakamani kwasababu sheria zetu ni ndugu.

Sasa kuhusu yule kaka aliyeambiwa aondoke haraka. Hapo ndo panaponiuma. Kile kifungu cha 145 kina kipande cha pili kinachomgusa mwanaume anayeshawishi watu hadharani mara kwa mara kwa mambo machafu, na 153 cha Kenya kina kipande kama hicho. Kwahiyo karatasi ipo. Miaka yote niliyokaa mahakamani sikuwahi kuandika jina la mwanaume kwa hicho kipande, hata mmoja.

Nilichoandika ni majina ya Jumatatu asubuhi. Wanaletwa waliokamatwa Ijumaa usiku, viatu virefu wamevishika mkononi, kanga moja wanapokezana watu watatu maana kila mmoja akiitwa hataki hakimu amuone na kile kigauni. Askari aliyekamata ndo shahidi. Anaulizwa ulijuaje kama anajiuza, anajibu "kwa mavazi yake mheshimiwa". Wengi wanakiri tu, sio kwamba wamekubali, ni kwamba mtoto kaachwa kwa jirani tangu Ijumaa na jirani alishasema mwisho Jumamosi. Wanapigwa faini, wananijia dirishani nawaandikia risiti, na mimi nilikuwa najua, na yule dada anajua kwamba najua, hiyo hela aliyokopa kwa shoga yake kulipia faini ataenda kuitafuta wapi usiku uleule.

*Salamu Shangazi kutoka Mtwapa, pwani ya Kenya. Mimi naona hii serikali iwache unafiki. Hii biashara ipo tangu enzi, watalii wanajua, polisi wanajua. Si wahalalishe tu, wadada wapewe kadi, wapimwe, walipe ushuru kama mimi ninavyolipa wa duka langu? Ujerumani wanafanya hivo na mbingu haijaanguka. — Mwenye duka, Mtwapa*

Salamu zimefika baba. Mbingu kweli haijaanguka, ila twende polepole kwenye hiyo kadi, maana kila mtu anayeniandikia "wahalalishe" anaanza na kadi na kodi, hakuna anayeanza na yule mwenye kuibeba hiyo kadi kwenye pochi.

Ujerumani walitunga sheria ikaanza Januari 2002 kwamba hii ni kazi, unaweza kuwa na mkataba, unaweza kudai hela yako mahakamani. Ikaonekana wenye madanguro makubwa wananenepa na walio chini wanabaki walewale, wengi wao wanawake kutoka Romania na Bulgaria. Wakaja na sheria nyingine Julai 2017, ya kujiandikisha. Unaenda ofisini, unapewa ushauri wa afya, unapewa cheti chenye picha, kondomu ni lazima kisheria, mwenye nyumba lazima awe na leseni. Mwisho wa 2019 waliojiandikisha nchi nzima walikuwa kama elfu 40 hivi, nchi ya watu zaidi ya milioni 80, na kila mtu kule anajua wanaofanya kazi ni wengi zaidi ya hapo. Kwanini hawaendi? Hebu fikiria wewe una binti yako anasoma chuo, anafanya hiyo kazi kimyakimya miezi sita alipe ada, ataenda kuchukua cheti cha serikali chenye picha yake?

Na hiyo kodi unayoipenda, ngoja nikupe ya mji wa Bonn. Mwaka 2011 waliweka mashine barabarani kama ile ya kulipia paking. Dada akifika kazini jioni anatumbukiza euro 6, inatoka tiketi, anafanya kazi hadi asubuhi. Mkaguzi akipita usiku unaonyesha tiketi. Hata usipopata mteja mmoja euro 6 imeshakwenda! Mimi niliposoma hiyo nilicheka afu nikanyamaza, nikakumbuka dirisha langu la risiti.

Ukitaka mfano wa kwetu Afrika angalia Senegal. Kule imeruhusiwa kwa utaratibu tangu miaka ya 1960, lazima uwe umefika miaka 21, ujiandikishe, uwe na daftari la afya na uwe unapimwa mara kwa mara. Faida ipo, serikali iliweza kuwafikia mapema na huduma za magonjwa ya zinaa kabla hata ukimwi haujaingia. Ila wengi hawataki daftari, wanaona heri wakimbizane na polisi kuliko shemeji alikute kwenye begi. Kwahiyo wanakuwa makundi mawili, wenye daftari wanaolindwa kidogo, na wasio nalo ambao sasa wana makosa mawili.

Kuna njia nyingine watu wanaichanganya na hii. New Zealand mwaka 2003 bunge lao lilipiga kura 60 kwa 59, mbunge mmoja akajizuia, ikapita kwa tundu la sindano. Wao hawakusema "tunakupa kadi", walisema tunafuta jinai, mengine yote yafuate sheria za kawaida za kazi, afya na biashara. Wanawake hadi wanne wanaweza kufanya kazi nyumba moja wakiwa wenyewe mabosi bila leseni. Mwenye kadi hayupo. Kamati iliyokuja kukagua mwaka 2008 haikuona idadi imelipuka kama wapinzani walivyotabiri. Nayo ina kasoro yake kubwa, mgeni mwenye viza ya muda haruhusiwi, akikutwa anaweza kurudishwa kwao, kwahiyo yule mnyonge kuliko wote ndo kaachwa nje ya mwavuli.

Na hapo kwenu pwani kuna kitu kinawahusu kabisa. Mwaka 2014 watafiti kwenye jarida la tiba la Lancet walipiga hesabu kwa miji mitatu, mmoja ukiwa Mombasa, wakasema kuondoa jinai kungeweza kuzuia kati ya asilimia 33 na 46 ya maambukizi mapya ya VVU kwa wanaofanya kazi hii na wateja wao ndani ya miaka kumi. Ni hesabu za kukadiria, ndio, ila mantiki yake hata wewe wa dukani unaielewa, dada akiwa na haraka kwasababu kanjo anakuja, hapati muda wa kubishana na mteja kuhusu kondomu. Na kwenye misako mingine kondomu ndo zinageuzwa ushahidi.

*Hujambo Shangazi, nakusoma nikiwa Malmö. Huku Uswidi anayekamatwa ni mwanaume mnunuzi, mwanamke haguswi. Mimi naona ndo haki. Kwanini nyumbani msiige hii? — Mama wa Malmö*

Sijambo mdogo wangu, na baridi hiyo pole. Ndiyo, Uswidi walianza tarehe 1 Januari 1999, wa kwanza duniani, kununua ni kosa, kuuza sio kosa. Wazo lao ni kwamba anayeuza kasukumwa na shida na anayenunua ana chaguo, basi mzigo abebe mwenye chaguo. Norwei na Iceland wakafuata 2009, Kanada 2014, Ufaransa 2016, Ireland 2017. Ufaransa ukikamatwa mara ya kwanza faini inafika euro 1,500, ukirudia 3,750. Na Ufaransa walifanya kitu cha maana, palepale walifuta lile kosa la dada kusimama barabarani, wakaweka na mpango wa wanaotaka kuacha, wanapewa posho kidogo na kama ni mgeni kibali cha muda. Wanawake na wanaume 261 wanaofanya hiyo kazi waliipeleka Ufaransa mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya wakisema sheria inawasukuma vichochoroni, mwaka 2024 wakashindwa.

Tathmini ya serikali ya Uswidi ya mwaka 2010 ilisema biashara ya barabarani imepungua kwa nusu. Wanaopinga wanasema imehamia kwenye simu, na mimi naona wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Ila hilo la "mwanamke haguswi" punguza kidogo. Jirani zenu Norwei, polisi wa Oslo walikuwa na operesheni yao kwenye miaka ya 2007 hadi 2011, wanamfuata mwenye nyumba wanamwambia mpangaji wako anafanya kazi hiyo, ukiendelea kumpangisha tutakushtaki wewe kama kuwadi. Mwenye nyumba anafanya nini? Anatupa mabegi nje, saa zingine ndani ya saa chache. Wengi waliotupwa ni wanawake wa Nigeria. Hakuna aliyekamatwa hapo, hakuna aliyefungwa, ila wamelala stesheni. Pingu hakuna na bado mtu kaguswa.

Kuhusu kuiga, mimi nina wasiwasi mmoja tu na nautoa kwa uzoefu. Hiyo sheria inataka askari ambaye akimkamata mwanaume mwenye gari zuri saa nane usiku, anaandika jina lake. Kwetu yule mwanaume ndo atageuka ATM ya kijiwe, anatoa kitu kidogo anaondoka, afu dada anaambiwa "umetuletea mteja, na wewe toa cha kwako". Leo analipishwa mmoja, kesho watalipishwa wawili. Mkinionyesha namna ya kuliziba hilo tundu nitawaunga mkono kesho asubuhi.

*Shangazi unaheshimika sana lakini safu hii umepotoka. Mwenyezi Mungu amekataza zinaa, Biblia na Kurani zote zimekataza, sasa tunajadili nini? — Msomaji, Tanga*

Amekataza ndio, na mimi naswali vizuri tu. Lakini sheria yetu ya jinai haimfungi kila mzinzi, ingekuwa hivo magereza tungejenga hadi baharini. Tunachojadili ni nani anabebwa kwenye karandinga na nani anaambiwa aondoke haraka, na sijaona kitabu kitakatifu kilichosema abebwe mwanamke peke yake. Halafu usidhani ni mambo ya siku hizi, wakati wa mkoloni Nairobi, kwenye mitaa ya Pangani na Pumwani, kulikuwa na wanawake waliojenga nyumba zao za kupangisha kwa hela ya hiyo kazi, na watu waliwaita kabisa kwa aina, watembezi wanaotafuta njiani na malaya anayengoja kwake ndani. Mkoloni aliwafukuza akijisikia na kuwaacha akijisikia. Tusonge.

*Shangazi naomba usitaje mji. Mimi ndo nafanya hii kazi mnayoijadili. Mwezi uliopita mteja alinipiga, akanilazimisha bila kinga nikiwa nakataa napiga kelele, afu akaondoka na simu yangu. Sikwenda polisi kwasababu najua nitaulizwa ulikuwa gesti unafanya nini. Mtu kama mimi nina haki gani? — Dada T.*

Mwanangu, pole. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Una haki zote. Kifungu cha kubaka, 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, hakina mstari unaosema "isipokuwa mwanamke anayejiuza". Kukubali kitu kimoja kwa hela sio kukubali kila kitu, ukishasema hapana na yeye akatumia nguvu hapo tumeshahama kwenye biashara, tupo kwenye kosa la miaka 30 jela. Kupigwa ni kosa lake, simu ni wizi wa kutumia nguvu.

Najua utaniambia Shangazi hayo ya kwenye karatasi. Ni kweli. New Zealand mwaka 2014 kuna dada aliyekuwa anafanya kazi kwenye danguro alimshtaki bosi wake kwa kumnyanyasa kwa maneno machafu, maneno tu, akalipwa dola za kwao 25,000. Ubelgiji tangu Desemba 2024 mwenye mkataba anaweza kukataa mteja na bosi haruhusiwi kumfukuza kwa hilo, ana likizo ya uzazi na chumba lazima kiwe na kitufe cha kuita msaada. Wewe huna kitufe. Kwahiyo nakwambia cha kufanya na ulichonacho.

Kwanza afya. Ile dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72 na wewe umeshapita, kwahiyo nenda kapime wiki hii, na urudi tena kupima watakapokupangia. (Wengine mnaosoma, hizo saa 72 zishikeni, wahini hospitali msisubiri aibu iishe.)

Pili, usiende kaunta ya kawaida usiku peke yako. Nenda mchana, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, nenda na mtu, ikiwezekana msaidizi wa kisheria, tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wapo wilayani na hawatakiwi kukudai hela. Ukiandikisha maelezo anza na ulichofanyiwa, saa ngapi, gesti gani, chumba gani, alikushika wapi. Hakuna sheria inayokulazimisha uanze na kazi yako. Wakikuuliza ulifuata nini gesti, jibu kwa ufupi, "nilikwenda na yule mtu, akanibaka", rudi kwenye kosa. Kama una kovu au ulitibiwa siku ile, hata dukani kwa dawa, beba karatasi. Mhudumu wa gesti aliyesikia kelele, chukua jina lake kabla hajahamishwa kazi.

Tatu ile simu. Beba boksi lake, namba ya IMEI imeandikwa ubavuni. Afu karudishe laini yako, na ukisharudishiwa omba kampuni ya simu wakutolee taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Kama huyo mtu aliwahi kukutumia hata elfu tano ya nauli, jina lake alilosajilia laini lipo humo.